Skrini ilipoganda ndo nilikuwa nimefaulu

Saa tano usiku, ofisini kwa shemeji, Sinza. Wote wameshaondoka, mlinzi yuko getini na redio yake, mi nimekaa sakafuni na HP Z440 imefunguliwa ubavu, nabonyeza swichi, naangalia monita. Unatokea mstari mmoja tu, EFI stub sijui nini imeshapakia initrd, alafu basi. Feni zinazunguka, taa ya diski inapepesa kama kawaida, ila skrini imeganda palepale. Nikasubiri dakika kumi. Nikazima, nikawasha tena, palepale. Nikasema leo nimeua mashine ya watu, tena niliyoenda kuinunua mwenyewe kwa ule mdomo wangu wa "niachieni mimi".

Nikatoa simu nimpigie jamaa yangu mmoja anayeelewa haya mambo, ila kabla sijapiga, hata sijui kwa nini, nikafungua brauza nikaandika 192.168.1.50:8006. Ukurasa wa Proxmox, ile programu ya kukata mashine moja iwe kompyuta kadhaa, ukafunguka. Naingiza jina na neno la siri, naingia, mashine inaniambia imewaka dakika nne zilizopita, CPU haina kazi, RAM ipo ya kumwaga, haidai kitu. Yani ilikuwa nzima kuliko mimi.

Kumbe kile nilichokuwa nakihangaikia wiki nzima kilikuwa kimekubali. Kadi zote mbili za grafiksi zilishachukuliwa na vfio (sehemu ya Linux inayozishika kadi ili zikabidhiwe kwingine) kabla Linux yenyewe haijazitumia, na kwa kuwa hizi Xeon E5 hazina grafiksi yake ndani ya prosesa, hakikubaki kitu cha kuchora chochote kwenye monita. Ule mstari mmoja ulikuwa mabaki tu ya picha ya mwisho. Nimeshaona watu wengi wakifika hapo wanarudisha kila kitu nyuma na kusema imegoma, na mi nilibakiza kidogo tu niwe mmoja wao.

Sasa nirudi mwanzo. Shemeji ana ofisi ndogo ya michoro ya nyumba, vijana wawili wanachora, mmoja wao binti, kazi zao ni Revit ya kuchora na Lumion ya kutengeneza picha za nyumba. Walikuwa na laptopu mbili ambazo ukifungua sini ya Lumion zinapiga kelele kama jenereta, na bei ya kompyuta mbili za maana ilikuwa imemshinda. Nikamwambia tununue mashine moja yenye nguvu, ile ya maofisini ya Ulaya iliyotumika, tuiweke kadi mbili, tuikate iwe kompyuta mbili. Kila kijana ana monita yake, kibodi yake, mausi yake, Windows yake, kadi yake ya grafiksi. Hakuna rimoti wala nini, wanakaa mezani kama kawaida. Akaniuliza, "Sasa si watakuwa wanagombania?" Nikamwambia CPU na RAM tunagawa, kadi hatugawi, kila mtu na ya kwake. Hiyo ndo inaitwa GPU pasithru, kadi inapitishwa nzima nzima kwenda kwenye mashine pepe, yani kompyuta inayoishi kama programu ndani ya nyingine, mwenyeji anabaki hana habari nayo.

Na kwenye hayo maneno mawili, mwenyeji na mgeni, ndo kuna siri yote. Proxmox ndo mwenyeji, Windows ndo mgeni. Matatizo karibu yote niliyokutana nayo, ukiyafuata mpaka mwisho, unakuta mwenyeji aligusa kadi ambayo ilitakiwa imfikie mgeni ikiwa haijaguswa na mtu. Aligusa kwa draiva, au kwa kuandikia maneno ya kubuti, au kwa kusoma ROM yake, kile kiprogramu cha kuiamsha kadi. Kwahiyo kazi yako wewe si kuongeza kitu, ni kumfunga mikono mwenyeji. Laiti ningeelewa hilo siku ya kwanza ningelala mapema wiki ile.

Kwanza hii kitu inawezekanaje. Kadi ya grafiksi haimwombi CPU kila ikitaka kusoma au kuandika kwenye RAM, inaenda yenyewe. Sasa mgeni anadhani RAM yake inaanzia sifuri, maana ndivyo alivyodanganywa. Akiiambia kadi andika kwenye anwani fulani, kadi itaenda kwenye anwani ile ya ukweli, ambayo ni ya mwenyeji au ya mgeni mwingine, na hapo unaharibu kila kitu. Chukulia mtaa ambao kila mwenye nyumba kajipangia namba, kila mtu yuko namba 1, alafu bodaboda analeta mzigo wa namba 1. Bila mjumbe wa pale kumwelekeza, mzigo unaingia nyumba yoyote. IOMMU ndo huyo mjumbe. Kila ombi la kadi linapita kwake, anaangalia kadi ni ya nani, anageuza anwani, na kama kadi inataka kuingia isipohusika anaikatalia. Intel wanaiita VT-d, AMD wanaiita AMD-Vi, na kwenye bayosi nyingi (ile mipangilio ya mashine kabla mfumo haujawaka) inakuja imezimwa, na watu wanaichanganya na VT-x ambayo ni kitu kingine kabisa, hiyo ni ya prosesa kuendesha mashine pepe, haihusiani na kadi. Upande wa Linux anayeshika mambo haya ni VFIO, iliingia kwenye kerneli (kiini cha Linux) toleo la 3.6 mwaka 2012, na ukisoma chochote cha maana kuhusu hii mada utakutana na jina la Alex Williamson, huyo bwana ndo kaibeba kwa miaka mingi akiwa Red Hat.

Ila mjumbe ana kasoro moja. Vifaa vingine vinakaa nyuma ya ukuta mmoja na vinaweza kupeana mizigo bila kupita kwake. Hivyo kerneli inaviweka kwenye kundi moja, na sheria ni kwamba kundi linaenda lote au haliendi. Kwenye mazabodi nyingi za kawaida za nyumbani unakuta sloti ile kubwa ya kwanza na ya pili ziko kundi moja, au kadi iko kundi moja na kontrola ya diski na poti ya mtandao. Sasa utampaje mgeni kadi bila kumpa na diski ya mwenyeji? Huwezi. Hizi Xeon E5 raha yake ni kwamba poti zake za PCIe zinazotoka kwenye prosesa zina ACS, ile inayolazimisha mizigo yote ipite kwa mjumbe, kwahiyo kila sloti inakaa kundi lake. Ndo sababu nilikomaa na Z440 na si kompyuta mpya ya i5 ya bei ileile ambayo kila mtu alinishauri.

Na hapa nna ushauri mmoja, huu usiudharau. Usinunue kwa kusoma mtandaoni tu, kayaangalie makundi kwa macho yako kabla hujalipa. Mi nilienda Kariakoo na flashi yenye Ubuntu. Duka lenyewe ni lile la ghorofa ya kwanza ambalo mashine zimepangwa mpaka kwenye ngazi, nikamwomba kijana aniwekee Z440 mezani na monita. Akajua nataka kuona kama inawaka. Nikaingia bayosi nikawasha VT-d, nikabuti flashi, kwenye menyu ya mwanzo nikabonyeza herufi e nikaongeza intel_iommu=on kwenye mstari wa kerneli, ikawaka, nikafungua ile skrini nyeusi nikaandika:

find /sys/kernel/iommu_groups/ -type l | sort -V

Maandishi yakaanza kutiririka. Kijana akasogea. "Kaka, hiyo unafanya nini?" Nikamwambia nahesabu vyumba. Nikazima, nikahamisha kadi sloti ya pili, nikawasha tena, nikahesabu tena. Wateja wengine wamesimama wanaangalia, mwenye duka kaja na mikono kiunoni, "Kaka, unaikagua au unaiposa?" Nikamwambia bosi hii naiposa kabisa, na mahari naleta leo. Makundi yalikuwa safi: kadi na sauti yake ya HDMI, basi, sloti ya pili hivyohivyo. Nikalipa. Prosesa ilikuwa E5-2680 v4, kori 14 nyuzi 28, RAM GB 64. Kadi nikachukua GTX 1060 ya GB 6 kwa yule anayefanya renda nyingi (zile picha za mwisho za nyumba), na GTX 1050 Ti kwa mwenzie, hiyo haihitaji hata waya wa umeme wa ziada, inatosheka na sloti.

Najua mtu atasema mbona kuna ile mbinu ya kulazimisha ACS, unaweka pcie_acs_override kwenye kerneli na makundi yanagawanyika yenyewe, tena kerneli ya Proxmox inayo tayari. Ni kweli inayo. Ila elewa inachofanya, haijengi ukuta, inamwambia kerneli aamini kwamba ukuta upo. Kwa kompyuta yako ya gemu nyumbani, sawa, uamuzi wako. Kwa ofisi ya mtu ambayo michoro ya wateja iko humo, mi siwezi, kesho diski ikiandikwa takataka ntamwambia shemeji niliidanganya kerneli?

Sasa kosa langu la kwanza, na hili nalisema kwa aibu. Niliweka Proxmox 8 na ZFS, mfumo wa kupanga mafaili, kwenye SSD mbili zinazoakisiana. Kila maelekezo unayosoma yanasema fungua /etc/default/grub, faili la grub, ile programu inayoiwasha Linux, ongeza intel_iommu=on iommu=pt, alafu update-grub. Nikafanya. Hamna. Nikarudia, hamna. Nikaanza kuishuku bayosi, nikaisasisha, hamna, nikaanza kuishuku prosesa, yani siku mbili nzima za jioni zimeenda. Kumbe Proxmox ukiiweka na ZFS kwenye mashine ya UEFI (bayosi za kisasa), Secure Boot ikiwa imezimwa, haitumii grub kabisa, inabuti kwa systemd-boot, na mstari wa kerneli uko kwenye /etc/kernel/cmdline, ukishaandika unapiga proxmox-boot-tool refresh. Lile faili la grub nililokuwa nalipamba lilikuwa halisomwi na mtu. Toka siku hiyo, kabla sijaamini nilichoandika naangalia kwanza alichosoma mwenyewe, cat /proc/cmdline, sekunde mbili tu, kama maneno yako hayamo humo basi hujafanya kitu.

Baada ya hapo ni kumfunga mikono mwenyeji. Unapiga lspci -nn unapata namba za kadi. Ya kwangu GTX 1060 ilikuwa 10de:1c03 na sauti yake 10de:10f1, ile 1050 Ti ni 10de:1c82 na 10de:0fb9. Usiisahau hiyo sauti, ni kifaa kinachojitegemea lakini kiko kundi moja na kadi, ukiiacha mikononi mwa draiva ya sauti ya mwenyeji utapigwa kofi. Namba zote nne zinaingia kwenye faili moja ndani ya /etc/modprobe.d:

options vfio-pci ids=10de:1c03,10de:10f1,10de:1c82,10de:0fb9

Chini yake unaongeza softdep nouveau pre: vfio-pci, na nyingine ya snd_hda_intel, maana yake hao wawili wasiamke kabla vfio hajakaa. Alafu update-initramfs -u -k all, alafu unazima na kuwasha. Ukiona bado kuna maelekezo yanakwambia upakie vfio_virqfd, jua ni ya zamani, hiyo imemezwa ndani ya vfio yenyewe toka kerneli 6.2. Ukiwasha unapiga lspci -nnk, chini ya kila kadi inatakiwa isome "Kernel driver in use: vfio-pci". Ikisoma nouveau rudi nyuma.

Kwangu ilisoma vfio-pci kote. Nikatengeneza mashine pepe, q35 (mazabodi ya kuigiza), OVMF (bayosi yake), cpu host (prosesa ionekane ilivyo), nikaibandika kadi ya sloti ya pili, Windows ikaingia, draiva ikakubali, nikacheka peke yangu. Ile 1050 Ti ilikubali mara moja kama mchezo. Nikasema basi kumbe watu wanatia chumvi, nikaenda kwenye 1060 iliyokuwa sloti ya kwanza. Giza. Monita inasema hakuna signo. Nafungua dmesg, ile logi ya kerneli, nakuta mstari mmoja unajirudia mamia ya mara, mpaka skrini ya simu imejaa:

vfio-pci 0000:02:00.0: BAR 1: can't reserve [mem ...]

Hapa ndo palipo na utamu, kwahiyo nivumilie. Kadi iliyoko sloti ya kwanza ndo ile ambayo bayosi inaitumia kuonyesha nembo na maneno ya mwanzo. Kerneli ikiamka inaikuta picha iko pale, inasema vizuri, inashikilia kile kipande cha memori ya kadi (ndo hiyo BAR) iendelee kuandikia humo. Hajaiweka draiva yoyote, lspci inakuonyesha vfio-pci, kila kitu kinaonekana sawa, lakini kile kipande kimoja bado amekikumbatia. Ukipiga cat /proc/iomem unamwona kabisa, pale kwenye anwani za kadi kuna neno BOOTFB limekaa. Mwenyeji kakabidhi nyumba lakini funguo ya jiko kabaki nayo mfukoni.

Zamani dawa ilikuwa video=efifb:off, na bado ndo imejaa kila mahali ukitafuta. Kwenye kerneli za toka 5.15 hivi haisaidii tena, mambo ya skrini ya mwanzo yamehamia kwingine. Kilichofanya kazi kwangu ni kuongeza initcall_blacklist=sysfb_init kwenye ule mstari wa kerneli. Hiyo inamkataza asiishike kabisa ile picha ya bayosi. Na ndo nikawasha, na ndo ikaganda, na ndo ile saa tano usiku niliyoanza nayo. BOOTFB haikuwepo tena.

Bado haikuisha. Mgeni anawaka, nasikia mpaka mlio wa Windows kwa mbali kwenye HDMI ya monita, picha hamna. Hii sasa ni ROM. Kadi ina kiprogramu chake kidogo cha kujiamsha, na kwa kadi iliyotumika kubutia, kile ambacho mgeni anakisoma si kile cha asili, ni nakala ambayo bayosi imeshaitumia na kuichezea. Kadi za kizazi cha Pascal ndo zinajulikana kwa hili. Dawa ni kumpa mgeni ROM safi kama faili. Watu wanazipakua mtandaoni, mi siwashauri, ukikosea toleo unapoteza siku. Nilichomoa 1060 nikaipeleka sloti ya pili kwa muda, 1050 Ti ikawa ya kubutia, nikaingia kwenye folda ya kadi ndani ya /sys/bus/pci/devices, echo 1 > rom, cat rom kwenda kwenye faili, echo 0 > rom. Faili likaenda /usr/share/kvm. Nikarudisha kadi mahali pake na kwenye konfigi ya mashine pepe nikaandika:

hostpci0: 0000:02:00,pcie=1,x-vga=1,romfile=gtx1060.rom

Ikawaka. Saa nane usiku. Mlinzi alikuja kuchungulia dirishani baada ya kunisikia.

Kuna wanaoniuliza kuhusu Kodi 43, ile hitilafu ya Windows. Hiyo ina historia. Miaka ya nyuma draiva za GeForce zilikuwa zikigundua ziko ndani ya mashine pepe zinakataa kufanya kazi na kukuandikia kodi hiyo, watu wakawa wanamficha KVM (injini ya Linux ya mashine pepe), wanabadilisha jina la mtengenezaji wa haipavaiza, yani hiyo injini, mchezo wa paka na panya. Mwaka 2021, kuanzia draiva 465, NVIDIA wenyewe wakaruhusu. Kwahiyo leo ukiiona 43 usikimbilie zile mbinu za kujificha, uwezekano mkubwa ni ROM au ni ile BAR niliyoieleza. Upande wa AMD hakukuwa na kizuizi hicho ila kulikuwa na tatizo la riseti: mgeni akizimwa, kadi za vizazi fulani, Polaris, Vega, Navi za mwanzo, hazirudi hali ya mwanzo mpaka uzime mashine nzima. Kuna moduli inaitwa vendor-reset imeandikwa kwa ajili hiyo.

RAM. Mgeni mwenye kadi RAM yake inafungwa yote siku anayowaka, hata kama anatumia GB 3. Lazima iwe hivyo, maana kadi inaweza kuandika popote humo muda wowote. Kwahiyo ile raha ya kuwagawia wageni RAM zaidi ya uliyonayo haipo, na balloon, ile ya kumpunguzia mgeni RAM akiwa hai, unaweka 0. Niligawa 24 na 24, zikabaki 16, nikaona nimeacha nafasi. Asubuhi kijana wa kwanza kawasha, sawa. Wa pili kawasha, imegoma, haina RAM. Nilisahau ZFS. Kwenye toleo lile ZFS inajiruhusu hadi nusu ya RAM kwa ajili ya kashe yake, yani GB 32, na ikiombwa kuachia haiachii kwa kasi mgeni anayoitaka. Nikaibana kwa GB 4, zfs_arc_max=4294967296, initramfs tena, haijasumbua toka hapo.

Kori nazo nikazigawa kwa mkono. Kwenye prosesa hii uzi 0 na uzi 14 ni kori moja, 1 na 15 ni kori moja, hivyohivyo mpaka 13 na 27, lscpu -e inakuonyesha. Mgeni wa kwanza nikampa affinity 1-6,15-20, wa pili 7-12,21-26, mwenyeji kabaki na kori mbili za pembeni, 0 na 13. Kabla ya hapo mmoja akirenda mwenzie mausi inakwamakwama, na yule binti alikuwa hasemi, anavumilia tu, mpaka siku nimekaa kwenye kiti chake ndo nikaona.

Kibodi na mausi usizipitishe kwa namba za kifaa, zipitishe kwa poti. Ukiandika kwa kifaa, siku mausi ikifa wakanunua nyingine haitafanya kazi mpaka uje wewe. Kwa poti, usb0: host=3-3, chochote watakachochomeka hapo kinaenda kwa mgeni yule, hata flashi. Nikabandika rangi kwenye poti, kijani za mmoja, nyekundu za mwenzie. Sauti ya HDMI ilikuwa inakwaruza kwa mmoja, hiyo ni kuingia rejista ya Windows na kuiweka MSISupported iwe 1 kwenye kile kifaa cha sauti, ukizima na kuwasha inatulia. Na leseni za Windows ni mbili, wageni wawili ni kompyuta mbili.

Kama ni thamani ya usumbufu wote huu? Kwa ofisi hii naona ndiyo, ila si kwa sababu ya bei peke yake. UPS ni moja, na ina waya wa USB kwenda kwa mwenyeji, umeme ukikatika na betri ikaanza kuisha, mwenyeji anawazima wageni wote wawili kwa ustaarabu kabla ya kujizima mwenyewe. Zamani kila umeme ukikatika ilikuwa ni kilio cha faili la Revit. Na snapshoti, ile nakala ya hali ya mashine kwa wakati fulani. Huwezi kuchukua snapshoti pamoja na RAM ukiwa na kadi iliyopitishwa, wala kumhamisha mgeni akiwa hai, ila ya diski inakubali, na ZFS inaifanya kama haina kazi. Mwezi wa pili kijana kafungua "invoisi" aliyotumiwa WhatsApp na mtu asiyemjua, mafaili yote yakabadilika majina. Nilikuwa kwenye daladala. Nikafungua simu, nikamzima mgeni, nikamrudisha saa mbili asubuhi ya siku ileile, nikamwasha. Alipoteza kazi ya nusu siku, na alinywa soda nne siku ile kwa mawazo.

Ubaya wake ni mmoja na mkubwa, mazabodi ikifa wanakaa bure wote wawili. Shemeji anajua, nilimwambia kabla hajatoa hela.

Wiki iliyopita akanipigia, sauti ya juu. "Fundi, mashine ya binti imezima yenyewe, renda ya masaa matatu imeenda!" Nikaangalia logi. Haikuzima yenyewe. Yule kijana mwenzie alikuwa amemaliza kazi, saa kumi na moja, kabla ya kutoka akabonyeza swichi ya kwenye boksi kuzima kompyuta yake kama alivyozoea miaka yote, mwenyeji akatii, akaanza kuwazima wageni wote kwa utaratibu mzuri kabisa, mmoja baada ya mwingine. Nikaingia kwa simu, nikafungua /etc/systemd/logind.conf, nikaandika HandlePowerKey=ignore. Ijumaa nikapita pale mwenyewe na plasta nyeupe nikaiziba swichi, na juu yake nikaandika kwa makapeni: HII SI YAKO PEKE YAKO.